Mkono Unaoshusha Sauti

Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akiwa na mitambo yake ya kurekodi. Alikuwa Mwingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, akazipenda nyimbo za huko kiasi cha kutumia maisha yake akizunguka nchi hadi nchi kuzikusanya. Hapo Jadotville alikutana na kijana wa miaka 22 hivi, mzaliwa wa Bunkeya, jina lake Jean-Bosco Mwenda. Mwenda alipiga gitaa kwa vidole viwili, gumba na shahada. Gumba lilishika besi, shahada ikachezesha wimbo, na asiyemwona angeapa kwamba wapigaji ni wawili. Wimbo wake "Masanga" ulitoka kwenye santuri, ukafika Nairobi na mbali zaidi, na wapiga gitaa wanajifunza kuupiga hadi leo. Bunkeya iko katika jimbo letu la Lualaba. Kwa hiyo, watoto, ingawa hadithi hii itatufikisha California na New York, mlango wake ni wa nyumbani.

Shikeni jambo moja kuhusu Tracey. Maikrofoni yake hakuisimamisha mahali pamoja akaiacha. Aliishika mwenyewe mkononi, akaisogeza kwenye gitaa pale gitaa linapozungumza, akaielekeza kwa mwimbaji maneno yanapoanza, akairudisha nyuma sauti inapopaa. Mkono wake ulikuwa ukifanya kazi muda wote wimbo ulipokuwa ukiendelea.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu sikio la mtu linavumilia mengi kuliko santuri. Sikio linasikia mnong'ono wa mama anayembembeleza mtoto, na linasikia pia kelele za lori la mgodini likipanda mlima. Santuri ya wakati ule haikuweza. Sauti ikiwa ndogo mno ilizama katika mkwaruzo wa sindano, na ikiwa kubwa mno mfereji ulichimbwa vibaya, sindano ikaruka au sauti ikapasuka. Nafasi iliyobaki katikati ilikuwa nyembamba, na lazima mtu aibane sauti ili iingie humo.

Watu wa redio walipata taabu hiyo hiyo, tena kila siku. Mtambo wa kurushia matangazo ukipewa sauti iliyozidi, sauti huharibika, na mtambo wenyewe unaweza kuzimika. Basi fundi alikaa mbele ya kitufe cha kuzungusha, macho kwenye mshale wa kipimo. Mtangazaji akipaza sauti, anashusha; akinong'ona, anapandisha. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na kwa vyovyote fundi alikuwa akichelewa. Mpaka mkono ushuke, kelele imekwisha kupita.

Ndipo mafundi wakasema, tutengeneze mkono wa umeme. Mwaka 1937 kampuni ya Western Electric ya Marekani ilikuwa tayari inaviuzia vituo vya redio kifaa cha aina hiyo, na baada yake vikaja vingine vingi. Kifaa hicho kinaitwa kompresa. Kinasikiliza sauti inayoingia, na ikivuka kiwango ulichokiweka, kinaishusha chenyewe.

Tuhesabu pamoja, maana hesabu yake ni nyepesi. Tuseme mnarekodi kwaya ya parokia kwenye kompyuta. Ndani ya kompyuta, sauti kubwa kuliko zote inaandikwa desibeli 0, na zilizo chini yake zinaandikwa kwa alama ya kutoa. Ukishuka desibeli 6, kimo cha wimbi kimepungua kwa nusu. Dada anayeongoza anaanza polepole, desibeli -30. Kiitikio kinapofika anafungua kifua, anagonga -8. Tofauti ni desibeli 22, na anayesikiliza kwa simu sokoni hatasikia kabisa ule mwanzo wa polepole. Sasa weka kizingiti cha kompresa kwenye -20, na uwiano wa nne kwa moja. Maana yake, kila desibeli nne zinazovuka kizingiti, moja tu ndiyo inayoruhusiwa kutoka. Dada amevuka kizingiti kwa desibeli 12, basi zinatoka 3, naye anaishia -17. Kompresa imeshusha desibeli 9. Pandisha zote kwa 9 ulizopata: kiitikio kinarudi -8 palepale kilipokuwa, lakini mwanzo wa polepole umetoka -30 ukafika -21. Tofauti ya 22 imekuwa 13. Simu ya sokoni sasa inausikia wimbo wote.

Kama kompresa ingekuwa hesabu hiyo peke yake, hadithi ingeishia hapa, na hakuna ambaye angehangaika kuiga mashine za zamani. Kizingiti na uwiano ni sawa kwa kila mtu. Kinachotofautisha mashine moja na nyingine ni wakati. Inachukua muda gani kushika, na ikishashika, inaachia vipi? Hapo ndipo kila mashine ya zamani ilipokuwa na tabia yake, na tabia hiyo ndiyo watu wanayoifuata hadi leo.

Iko Fairchild 670, kwa mfano, iliyotengenezwa New York na Rein Narma, fundi mzaliwa wa Estonia, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilikuwa na valvu 20, zile chupa za kioo za redio za kale, na uzito unaokaribia kilo 30, na ilitumika kulinda sindano zinazochonga santuri. Iko pia 1176, aliyoileta Bill Putnam mwaka 1967, isiyo na valvu bali transista. Hiyo inaweza kushika kwa mikrosekunde 20, yaani sehemu 20 za milioni ya sekunde. Wanaorekodi ngoma na rapu wanaipenda kwa kasi hiyo.

Lakini mimi ninayotaka mkae nayo ni ya tatu, LA-2A, kwa sababu ndani yake kuna jambo la ajabu ambalo mtoto yeyote analielewa.

Aliyeibuni aliitwa Jim Lawrence. Alikuwa amefanya kazi ya redio, na alikuwa pia amefanya kazi ya vihisi vya mwanga kwa ajili ya makombora ya Titan ya jeshi la Marekani. Katika karakana yake ya Teletronix, huko Pasadena, California, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliziunganisha elimu zake mbili. Alichukua kijisahani kinachotoa mwanga wa kijani kikipitishiwa umeme, akakielekeza kwenye kipande cha kadimi salfaidi. Kadimi salfaidi ina sifa moja: gizani inakataa umeme, kwenye mwanga inauruhusu. Vyote viwili akavifungia ndani ya kopo lisilopitisha mwanga wa nje.

Oneni sasa inavyofanya kazi. Sauti ya mwimbaji inawasha kile kijisahani. Akiimba kwa nguvu, mwanga unakuwa mkali. Mwanga ukiwa mkali, kadimi salfaidi inafungua njia, na sehemu ya sauti inamwagwa pembeni isifike mwisho. Mwimbaji akipunguza, mwanga unafifia, njia inajifunga, sauti inarudi. Mwimbaji mwenyewe, kwa sauti yake, anawasha taa inayomshusha. Na kwenye uso wa mashine kuna vitufe viwili vikubwa tu vya kuzungusha, kimoja cha kusema ibane kiasi gani, kingine cha kupandisha. Hakuna kitufe cha kasi, kwa sababu kasi imo ndani ya kile kipande chenyewe.

Na kasi hiyo haiko sawa kila mara. Ikishashika, LA-2A inaachia nusu ya kwanza haraka, kama milisekunde 60. Nusu inayobaki inarudi taratibu, inaweza kuchukua sekunde nzima au sekunde kadhaa, kutegemea ilivyokuwa ikifanyishwa kazi kabla ya hapo. Fikirini mbabula ya nyumbani. Ukiwasha makaa ukachemsha chai mara moja tu, dakika chache baadaye yamepoa. Lakini ukiipikia maharagwe asubuhi nzima, hata ukiondoa makaa chuma kinabaki na moto wake kwa muda mrefu. Kadimi salfaidi ni vivyo hivyo na mwanga. Mwanga wa kupita tu inausahau upesi. Mwanga uliokaa nayo muda mrefu inaendelea kuukumbuka. Kwa hiyo neno moja lililotoka kwa kishindo linashikwa na kuachiwa bila mtu kutambua, na kiitikio kirefu cha kwaya kinashikwa kwa utulivu, bila sauti kuyumba juu na chini kati ya neno na neno.

Lawrence hakuandika mlinganyo wowote wa kumbukumbu hiyo. Aliikuta katika maumbile ya kile kitu, akaijengea nyumba.

Kabla hatujaingia kwenye kompyuta, turudi kwetu Kolwezi kidogo, maana mashine hizi zote zilijengwa kwa vitu vinavyotoka ardhini, na ardhi mojawapo ni hii mnayokanyaga.

Ndani ya kila mashine niliyoitaja mna transfoma. Transfoma ni waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana kwenye kiini cha chuma. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilifika kutoa takriban tani 300,000 za shaba mwaka 1960, na sehemu kubwa ya shaba hiyo ilitoka upande huu wa Kolwezi. Ni miaka hiyo hiyo Narma na Lawrence walipokuwa wakifunga transfoma zao. Shaba haina alama ya kijiji ilikotoka, kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba waya wa mashine fulani ulitoka mgodi wa Musonoi. Ninachosema ni kwamba sehemu ya shaba ya soko la dunia wakati huo ilitoka Katanga, jimbo letu la wakati ule, na mafundi wa sauti walikuwa miongoni mwa waliokula sokoni humo.

Kobalti nayo ina kisa kilichonyooka zaidi. Spika nzuri za zamani, maikrofoni nyingi na gitaa za umeme zilitumia sumaku iitwayo alniko, mchanganyiko wa chuma na alumini, nikeli na kobalti. Mwezi wa Mei 1978 vita viliingia Kolwezi. Waasi waliotoka Angola waliuteka mji, tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka, na watu wengi walikufa. Wazee wa mji wanayo yao ya kusimulia, nami siyagusi hapa. Migodi ilisimama, bei ya kobalti duniani ikapaa mara kadhaa, na watengenezaji wa spika wakashtuka. JBL ya California, mojawapo ya majina makubwa, ilihama kutoka alniko kwenda feraiti, sumaku isiyo na kobalti, katika miaka michache iliyofuata. Mafundi wakalazimika kuchora upya spika zao. Leo mtu anapolipa pesa nyingi kwa spika za kabla ya mabadiliko hayo, akisema zina utamu wake, anatafuta kitu ambacho ulimwengu ulikiacha kwa sababu ya yaliyotokea katika mji huu.

Haya, kompyuta.

Mashine moja ya Fairchild 670 ya zamani leo inauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Studio nyingi, hata za Ulaya, hazimudu kuwa nayo. Kwa hiyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wahandisi walianza kuziandika mashine hizi upya kama programu ndogo zinazoingia ndani ya programu ya kurekodi. Studioni wanaziita plagini. Wana wa Bill Putnam, yule wa 1176, waliifufua kampuni ya baba yao, Universal Audio, mwaka 1999, wakatengeneza mashine zenyewe upya na pia nakala zake za kompyuta.

Unaiandikaje mashine iwe programu? Anzeni na kujua kwamba ndani ya kompyuta sauti ni orodha ya namba. Kwa kawaida kila sekunde ina namba 44,100, kila moja ikieleza wimbi lilikuwa na kimo gani wakati huo. Kompresa ya kompyuta inapokea namba, inatoa namba. Kizingiti na uwiano mmeshaona, ni kutoa na kugawanya. Tatizo ni ule wakati. Namba zitachelewaje?

Chukueni kalamu. Mpe kompresa yako namba moja ya kukumbuka, tuiite kumbukumbu, ianze na 0. Kila namba mpya inapofika, iondolee alama ya kutoa kama inayo, kisha fanya hivi: chukua sehemu tisa kati ya kumi za kumbukumbu ya zamani, ongeza sehemu moja kati ya kumi ya namba mpya, na jumla yake ndiyo kumbukumbu mpya. Sasa sauti kubwa inaingia ghafla, 100, na inabaki 100. Kumbukumbu inakuwa 10. Hatua inayofuata, 19. Kisha 27.1. Kisha 34.39. Inapanda, lakini kila hatua kidogo kuliko iliyotangulia, na ni kwenye hatua ya 22 tu inapovuka 90. Hatua 22 kwa kasi ya 44,100 ni nusu ya milisekunde. Ukitaka ichelewe zaidi, badilisha tisa kwa kumi iwe 999 kwa 1,000, na moja kwa kumi iwe moja kwa 1,000. Hapo itahitaji hatua 2,302 kufika 90, yaani milisekunde 52. Mstari huo mmoja wa hesabu unafanya kazi ileile ya kapasita inayojaa umeme kupitia rezista ndani ya mashine. Mtoto anayejua kuzidisha na kujumlisha anaweza kuuandika, na akishauandika pamoja na kizingiti na uwiano, ana kompresa inayofanya kazi.

Lakini bado hana LA-2A. Kwa LA-2A anahitaji kumbukumbu mbili, moja ya haraka na moja ya polepole, na ile ya polepole lazima izidi kuwa nzito kadiri taa ilivyokaa ikiwaka. Mbabula imerudi. Ili kujua namba za kuweka, wahandisi huichukua mashine halisi, huipa mlio mmoja usiobadilika, wanaupandisha ghafla, wanaushikilia kwa sekunde moja, wanaushusha, wanapima jinsi sauti inavyorudi. Halafu wanarudia wakiushikilia sekunde tano, kisha kumi. Mistari wanayopata haifanani, na tofauti kati ya mistari hiyo ndiyo mashine yenyewe.

Njia nyingine ni kuuchukua mchoro wa umeme na kuandika kila kipande chake kama mlinganyo: rezista, kapasita, valvu, transfoma. Sheria zinazoviunganisha zilitolewa na Gustav Kirchhoff mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi huko Königsberg, na zinasema jambo dogo: umeme unaoingia kwenye kiungo ni sawa na unaotoka, na ukizunguka saketi mpaka ulipoanzia, volti zote zikijumlishwa zinatoa sifuri. Kompyuta inatatua milinganyo hiyo yote mara 44,100 kwa sekunde. Hata uchovu wa chuma cha transfoma lazima uingizwe, maana besi nzito ikipita, kiini kinashiba sumaku na kuikunja sauti kidogo. Mkunjo huo ni sehemu ya utamu.

Na kukunja sauti ndani ya kompyuta kuna mtego. Ukikunja mlio wa mitetemo 5,000 kwa sekunde, unazaa milio mingine ya 15,000, 25,000, 35,000. Kompyuta inayohesabu mara 44,100 haiwezi kushika kitu kinachozidi nusu ya hapo, yaani 22,050. Mashine ya valvu ingeiacha ile ya 35,000 ipae, nawe usingeisikia kamwe. Kompyuta inairudisha chini ikiwa 9,100, noti ngeni ambayo mwimbaji hakuiimba na ambayo haina undugu na wimbo. Plagini nyingi za kwanza zilikuwa na sauti ya bati kwa sababu hii. Dawa yake ni kuhesabu mara mbili, nne au nane zaidi ndani kwa ndani, kisha kurudi kwenye kasi ya kawaida. Ndiyo maana plagini nzuri inaichosha kompyuta.

Siku hizi iko njia ya tatu. Mwaka 2019 Scott Hawley na wenzake walitoa mradi walioupa jina SignalTrain. Hawakuandika mlinganyo wa taa wala wa valvu. Walirekodi saa nyingi za sauti zikiingia na kutoka kwenye LA-2A, wakaifundisha kompyuta ijifunze yenyewe kutoka kwa mifano. Rekodi zile wameziweka wazi, mtu yeyote anaweza kuzipakua. Baadaye Christian Steinmetz na Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, walizitumia kutengeneza nakala nyepesi inayoweza kufanya kazi papo hapo. Hili linanipa furaha kubwa kuliko plagini yoyote ya kununua, kwa sababu mwanafunzi wa Kolwezi mwenye kompyuta na bando anaweza kukaa mbele ya data ileile waliyokaa nayo wale wa London.

Swali gumu linabaki: unaiga ipi? LA-2A mbili zilizotoka karakana moja hazilingani. Kijisahani cha mwanga kinachoka kwa miaka, na kila kipande cha kadimi salfaidi kina ukaidi wake. Kwa hiyo kila nakala ni nakala ya mashine moja, katika hali iliyokuwa nayo siku iliyopimwa. Anayekuambia plagini yake ni LA-2A halisi, muulize, ipi?

Msidanganywe na picha pia. Zipo plagini zenye uso mzuri, vitufe vyenye kutu ya kuchorwa na mshale unaocheza, na ndani yake ni ule mstari mmoja wa hesabu mliouandika hapo juu. Fumbeni macho, sikilizeni. Na msiende kuchukua za wizi zinazogawiwa kwenye flashi mitaani, kwa sababu virusi vinavyokuja nazo vinaweza kula kazi yako ya mwaka mzima. Hakuna haja. Audacity ni ya bure na ina kompresa ndani yake. LALA ya Analog Obsession imetengenezwa kwa mfano wa LA-2A, nayo ni ya bure. Na umeme ukikatika katikati ya kurekodi, kama mnavyojua unavyokatika, Fairchild yenye valvu 20 ingezimika papo hapo. Kompyuta ya mapajani inaendelea kwa betri yake, na ndani ya betri za aina hiyo nyingi mna kobalti, ambayo zaidi ya nusu ya inayochimbwa duniani inatoka nchini kwetu Kongo. Ilitoka kwenye sumaku ya spika, ikaingia kwenye betri, bado iko studioni.

Kama unataka kuanza, nakushauri usianze na kwaya. Kwaya ina watu wengi, utachanganyikiwa. Mtafute mjomba anayepiga gitaa kavu kwa mtindo wa mzee Mwenda, gumba na shahada, umrekodi dakika mbili kwa simu au maikrofoni yoyote. Weka kompresa, ibane sana, desibeli 10 au zaidi, ili usikie inachofanya hata kama ni vibaya. Ifanye ishike haraka kabisa, uone ncha ya kila noti inavyolainika mpaka ukucha hausikiki. Kisha ifanye ishike polepole, milisekunde 30 hivi, na ukucha utarudi, kwa sababu unapita kabla mkono haujashuka. Sasa sikiliza shahada peke yake. Utaona wimbo wa juu unazama kila gumba linapogonga kamba nene. Besi ina nguvu kuliko wimbo, basi besi ndiyo inayoiamuru kompresa, na wimbo unaadhibiwa kwa kosa lisilo lake.

Hapo tafuta kwenye plagini kichujio cha upande wa kusikiliza, kile kinachoizuia kompresa isisikie besi bila kuiondoa besi kwenye wimbo. Kamba tatu nene za gitaa zikiachwa wazi zinatetema kama mara 82, 110 na 147 kwa sekunde. Anza na kichujio kwenye 80, usikilize, kisha pandisha taratibu kuelekea 150, na utasikia shahada ikiinuka kidogo kila unapoipita kamba moja. LA-2A yenyewe ilikuwa na skrubu ndogo ya kazi inayofanana na hiyo, imeandikwa R37, ambayo Lawrence aliiweka kwa ajili ya redio za FM. Plagini kadhaa zimeileta mbele na kuifanya kitufe, kwa hiyo huhitaji bisibisi ili kuizungusha.